Leithi ndogo: kukerezea kazi nayo na kuitunza isichakae mapema

Watu hufika hapa Kibuye, Kisumu, kuniuliza kama leithi ndogo ya mezani (mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga), ile ya kilo 40 hivi, inaweza kazi ya kweli. Inaweza. Yangu hukereza bushi (bomba fupi ambamo shafti huzungukia) za posho mili, pini za trela za miwa zinazotoka upande wa Muhoroni, shafti za pampu za maji na puli za kila aina. Kinachoziua mashine hizi si kazi, ni uchafu, na uchafu mbaya kuliko wote ni vumbi la grainda.

Kwa hivyo anza na mahali pa kuiweka. Kwenye vibanda vyetu vya jua kali, mwenye grainda na mwenye leithi mara nyingi wanapeana mgongo. Cheche za grainda hubeba punje za jiwe, na punje hizo zikitua juu ya kitanda cha mashine (reli ambazo kisu hutembelea) na kuchanganyika na oili, unapata ile dawa ya kusugulia valvu za injini. Kila ukisogeza kisu, unasaga kitanda chako mwenyewe. Weka ukuta wa bati katikati, au hamisha mmoja wao. Na mchomeleaji asithubutu kubana athi yake (waya wa kurudisha umeme) kwenye leithi, maana umeme ule utapitia kwenye beringi za kichwa, upande unaozungusha kipande, na kuzichoma.

Meza iwe nzito. Yangu ni fremu ya engolaini (chuma cha pembe) iliyochomelewa, na juu ubao wa inchi 2. Ukishafunga bolti za miguu usidhani umemaliza, kwa sababu meza iliyopinda huipinda na mashine. Bana kipande cha chuma cha milimita 25 kwenye chaki ya taya tatu (kibano kinachozunguka), kitokeze milimita 80 hivi, kisishikiliwe upande wa pili. Kereza kidogo sana karibu na chaki, kisha kereza mwishoni bila kugusa kipimo cha kisu. Pima pande zote mbili kwa maikromita. Zikitofautiana, legeza bolti, weka kipande cha kopo la soda chini ya mguu mmoja, ukaze na kurudia. Kopo hilo lina unene wa kama milimita 0.1, na kwa kazi hii linatosha kabisa.

Kisu nacho kiwe sawasawa na kitovu cha kazi, yaani kipande unachokereza. Chukua rula ndogo ya chuma, uibane polepole kati ya ncha ya kisu na kipande cha mviringo kilichosimama. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Ikiinamia kwako kwa juu, kisu kiko chini; ikiinama kwenda nyuma, kisu kiko juu. Ukikereza uso wa kipande na katikati ikabaki chunusi, jua bado hujapatia.

Mimi hutumia visu vya haispidi (chuma kigumu cha kukatia) ninavyonoa mwenyewe. Kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, ni nzuri kwa mashine kubwa, lakini inataka kasi na nguvu ambayo leithi ndogo haina, na ikigonga kazi yenye pengo hukatika ncha. Kwa haispidi hesabu ya kasi ni rahisi: gawa 9,500 kwa kipenyo cha kazi kwa milimita, na jibu ni mizunguko kwa dakika. Chuma cha kawaida cha 25 kinataka kama 380. Aluminiamu unaweza kuipa mara mbili au zaidi, chuma cha kumimina ukipe theluthi mbili. Mashine ikianza kulia na kuacha mawimbi, punguza kasi kabla ya kulaumu kitu kingine, kisha angalia kama kisu kimetokezwa mno. Kazi inayotokeza zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake ishikilie kwa kichwa cha nyuma, kile cha upande wa pili wa kitanda.

Kula kidogo kidogo. Kwa chuma, nusu milimita kwa mkupuo inatosha. Chuma kipe oili ya kukatia, aluminiamu mafuta taa kidogo, brasi na chuma cha kumimina vikate vikavu. Kabla ya kuamini gurudumu la kusogezea kisu, jua kama linahesabu upande mmoja au kipenyo kizima. Kwenye nyingi ukisogeza 0.1 kazi inapungua 0.2. Skrubu ya ndani huwa na pleyi (mchezo mdogo) pia. Ukipitiliza, usirudishe nusu mstari. Rudi nyuma mzunguko mzima ndipo uje mbele tena.

Hapo kwenye bushi ndipo wengi huharibu. Tuseme nyumba ya bushi ina tundu la milimita 40.00 na shafti ni 25.00. Nje naikereza 40.03 ili iingie kwa kubanwa, na ukingo wa mbele naupunguza kidogo usije ukakwangua njia. Ndani ndiko kuna mtego: bushi ya bronzi ikishaingia, tundu lake hupungua karibu kiasi kile kile ulichozidisha nje. Shafti inataka uwazi wa kama 0.04 ili oili ipite. Basi nakereza tundu 25.07, nalo likibanwa linarudi karibu 25.04. Aliyekereza 25.04 moja kwa moja atajikuta anasugua shafti kwa msasa huku mwenye posho mili amesimama mlangoni na wateja wake wana mahindi kichwani. Na bushi usiigonge kwa nyundo. Ivute kwa bolti ndefu, nati na washa mbili nene.

Usalama nausema kwa ukali. Ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata sekunde moja. Mkono ukitoka, ufunguo unatoka nao. Glavu hapana. Mikono mirefu kunja, rasta funga nyuma, na leso yangu huning'inia kwenye msumari mbali na mashine. (Kuna wateja ambao bado wakiniona huuliza fundi yuko wapi. Mimi huendelea kukereza mpaka wajijibu.) Ukipiga tupa kazi inayozunguka, mpini ushike kwa mkono wa kushoto ili mkono wako usivuke juu ya chaki. Maranda ya chuma yaondoe kwa kulabu mashine ikiwa imesimama, si kwa vidole.

Stima ikipotea katikati ya kazi, vuta kisu nyuma, zima swichi, rudisha kasi kwenye sufuri. Mashine isiyo na swichi ya kujikata itaanza yenyewe stima ikirudi, na pengine wakati huo umeinamia chaki.

Jioni, fagia kwa brashi. Usipulize kwa hewa ya kompresa, kwa sababu inasukuma maranda madogo ndani ya skrubu na chini ya kibebeo cha kisu. Pangusa kitanda, kisha tandaza oili mpya. Namba 68 ya vitanda vya mashine ukiipata, la sivyo oili mpya ya injini. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ina unga wa chuma ndani yake, hata ukipewa bure. Ukitumia msasa kwenye kazi, funika kitanda kwa gazeti kwanza.

Mara moja moja toa taya za chaki uzisafishe. Zina namba 1, 2 na 3, na zirudi kwa mpangilio huo, la sivyo hazitakutana katikati. Ukitoa chaki nzima, weka ubao juu ya kitanda, maana ikiponyoka inaacha kovu lisilofutika.

Kibebeo kikianza kucheza, kaza skrubu za kabari pembeni, kidogo kidogo kuanzia za katikati, mpaka kitembee kizito bila kukwama. Na huku ziwani, hasa mvua za Machi hadi Mei, usifunike mashine kwa nailoni. Jasho hukaa ndani na asubuhi unakuta kutu. Tumia shuka kuukuu ya pamba iliyopakwa oili.