Jinsi ya Kuandaa na Kutumia Mbolea ya Kuku katika Shamba la Mahindi

Msimu wa kwanza nilipopanda mahindi kwa mbolea ya kuku, huku Mvomero mkoani Morogoro, niliitoa bandani asubuhi na mchana wake nikaitia shimoni, mbegu juu yake. Mashimo mengi hayakuota kabisa, na miche michache iliyochomoza ilikauka ncha za majani kama iliyobabuliwa na moto. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mbolea ilikuwa mbichi.

Nitrojeni iliyomo katika kinyesi cha kuku hugeuka haraka kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua na kutoa machozi unapofungua banda alfajiri. Amonia ikizidi karibu na mzizi huua mche, na ikipeperuka hewani huwa ni chakula cha mahindi kinachopotea. Kazi ninayoieleza hapa ni ya kuituliza nitrojeni hiyo ndani ya mbolea mpaka mahindi yaihitaji.

Hatua ya kwanza: kukusanya

Anza wiki nane kabla ya kupanda. Kwetu, anayesubiri masika ya mwezi Machi huanza Januari. Mbolea ya kuku wa nyama hutoka ikiwa imechanganyika na maranda au pumba za mpunga, nayo haihitaji kuongezewa kitu. Ya kuku wa mayai wanaofugwa kwenye vizimba ni kinyesi kitupu, hivyo changanya ndoo moja ya kinyesi na ndoo mbili za mabua yaliyokatwakatwa, majani makavu au pumba. Funika pua na mdomo, vaa glavu, na unawe kwa sabuni umalizapo.

Hatua ya pili: kuivisha

Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Chagua mahali penye kivuli pasipotuama maji, ujenge rundo lenye kimo cha mita moja hadi moja na nusu, ukinyunyizia maji kila tabaka. Ili kupima unyevu, kamata mchanganyiko kwenye ngumi na kuuminya kwa nguvu: ukishikamana na kuacha kiganja kibichi bila kuchuruzika, unafaa. Kisha chomeka fimbo hadi katikati ya rundo na ufunike kwa turubai au majani ya migomba, maana mvua huchukua virutubisho na jua kali hulikausha rundo lote.

Baada ya siku tatu au nne, chomoa fimbo na uishike sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuikamata kwa muda, rundo linafanya kazi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Geuza kila wiki, ukiingiza katikati yale yaliyokuwa nje. Harufu ya amonia ikizidi, ongeza makavu. Likinuka kama mayai viza, lina maji mengi na linahitaji hewa. Likipoa mapema na kuonekana kavu, lirushie maji. Mbolea imeiva inapokuwa nyeusi, ikinukia udongo uliopata mvua, na fimbo ikitoka ya baridi hata baada ya kugeuza. Penye maranda mengi usione uvivu kusubiri zaidi, kwa sababu maranda mabichi huoza kwa kuinyang'anya mimea nitrojeni.

Hatua ya tatu: kupima na kuweka

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ekari huwa na mashimo karibu 18,000. Ukiweka gramu 100 kila shimo utahitaji kilo 1,800, yaani viroba 36 vya kilo 50. Pima gramu 100 mara moja kwenye mizani, uweke alama kwenye kopo, na kopo hilo ndilo liende shambani. Viganja vya vibarua havilingani. Chimba sentimita 15, tia mbolea, ichanganye na udongo, kisha ufukie kwa udongo mtupu wa unene wa vidole vitatu kabla ya kuweka mbegu.

Hatua ya nne: kukuzia

Mbolea hii hutoa nitrojeni polepole, na sehemu yake hubaki kwa msimu unaofuata. Mahindi yanapofika magotini, angalia majani ya chini. Yakianza kuwa ya njano kutoka ncha kufuata uti wa kati, nitrojeni haitoshi, nami huongeza urea nusu ya kizibo cha soda kila shina, takriban mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, na kuifukia papo hapo. Majani yakiwa ya kijani kibichi mpaka chini, urea hiyo naiacha ghalani.