Pesti ya prosesa: kidogo, na mahali pake

Mara ya kwanza kubadilisha pesti, ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na kipoza chake, nilimimina nusu sirinji. Nilijiambia, kama inapitisha joto, basi nyingi itapitisha zaidi. Nilipobana hitisinki, lile bonge la metali lenye mapezi, pesti ilifurika mpaka pembeni mwa soketi, kitako kinachoshika prosesa. Jioni nzima ikaishia kwenye vijiti vya pamba.

Kosa langu lilikuwa kutojua kazi ya pesti. Uso wa prosesa na wa hitisinki huonekana laini, ila una mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na ndani yake kuna hewa. Hewa hupitisha joto takriban wati 0.026 kwa mita kwa kelvini. Shaba hukaribia 400. Pesti nzuri iko mbali chini ya shaba, mara nyingi kati ya 4 na 14 kwa maneno ya boksi lake. Kwa hiyo ndani ya bonde inaishinda hewa kwa mbali, lakini palipotakiwa metali iguse metali, pesti nene ni kizuizi tu.

Namba hizo za boksi usizipiganie. Watengenezaji hawazipimi kwa njia moja, na ukipaka vibaya hazikusaidii. Kwa kompyuta ya kawaida mimi huchukua Arctic MX-4 au Noctua NT-H1: hazipitishi umeme na zinapakika bila tabu. Metali ya majimaji, ambayo wengine hupaka badala ya pesti, inapoza kweli, lakini ina galiamu, inayokula alumini, na inapitisha umeme. Tone moja likidondokea ubao mama, umejitafutia msiba. Dawa ya meno? Inafanya kazi mpaka ikauke, na hukauka haraka.

Kutoa hitisinki ya zamani ndiko kunakotaka subira. Washa mashine dakika kumi pesti ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Mimi niliwahi kuivuta juu kwa nguvu ikiwa baridi. Ilikuwa soketi ya AM4, ambayo pini zake 1,331 ziko kwenye prosesa yenyewe. Hitisinki ilitoka na prosesa, mkono wa soketi ukiwa bado umefungwa, pini nne zimelala. Nilizinyanyua kwa wembe, moja baada ya nyingine, nikiogopa hata kupumua.

Futa mabaki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, pande zote mbili. Ikikauka, usiguse tena kwa kidole, maana vidole vina mafuta.

Sasa weka tone la ukubwa wa njegere ndogo katikati, basi. Shinikizo la hitisinki ndilo litakalolitandaza. Prosesa za soketi ya LGA1700 ni ndefu kuliko upana wake, kwa hiyo huko napendelea mstari mfupi kufuata urefu. Kwenye laptopu mambo hugeuka: pale silikoni iko wazi, haina kifuniko cha metali cha kusambaza joto, na kona isiyofunikwa itaungua peke yake. Huko natandaza kwa kikadi cha plastiki mpaka uso wote ufunikwe, na nachagua pesti nzito kidogo isiyosukumwa nje kila joto linapopanda na kushuka. Zile pedi laini zilizo juu ya chipu za memori usizibadilishe kwa pesti. Pengo la pale ni kubwa mno.

Shusha hitisinki wima. Kaza skrubu kimshazari, mizunguko miwili miwili, usimalize moja kabla ya nyingine. Usiinue kuchungulia kama imesambaa! Ukiinua, hewa imeingia: futa yote, anza upya.

Washa, kisha ichoshe mashine kwa kazi nzito kwa robo saa huku ukitazama joto. Likiruka hadi nyuzi 95 au 100 ndani ya sekunde chache, zima. Mara nyingi skrubu moja haijakaa, au waya wa feni haujachomekwa, au ile nailoni ya kulinda uso wa hitisinki mpya haikubanduliwa. Hiyo ya nailoni nimeifanya mara mbili.