Video ya Nyumbani Ikidaiwa Hakimiliki: Namna ya Kutetea Muziki Ulioupata kwa Leseni

Niliunganisha vipande vya video ya arobaini ya mtoto wa dada yangu, nikaweka muziki wa gitaa nilioupakua kwenye tovuti ya muziki usiolipiwa mirabaha, na kabla sijatuma kiungo kwenye kundi la familia, YouTube ilikwishaniarifu kwamba video ina dai la hakimiliki. Kwa hofu niliifuta papo hapo. Haikuwa lazima, na ningependa mwingine atakayepata ujumbe kama ule ajue la kufanya.

Kwanza tofautisha dai na onyo. Dai hutolewa na Content ID, mfumo ulioanza mwaka 2007, ambao hulinganisha sauti ya kila video inayopakiwa na sampuli zilizosajiliwa na wenye haki. Dai linahusu video hiyo moja tu: mwenye dai anaweza kuiwekea matangazo na kuchukua mapato, kufuatilia takwimu za watazamaji, au kuizuia isionekane. Onyo hutokana na ombi la kisheria la kuondoa video, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufungisha chaneli. Kwa hiyo ukipata dai, usifute chochote kwanza.

Muziki usiolipiwa mirabaha una mwenyewe. Wewe umepewa ruhusa tu ya kuutumia bila kulipa kila unapochezwa. Mara nyingine mtunzi mwenyewe ameusajili ili kuwabana wasio na leseni, na mfumo hauwezi kujua kwamba wewe unayo. Mara nyingine mtu mwingine amechukua mdundo uleule, akaimba juu yake, kisha kampuni ya usambazaji ikausajili wimbo wake mzima, gitaa likiwamo. Kanuni za YouTube haziruhusu kusajili midundo iliyotolewa kwa watu wengi, lakini hutokea, na kwangu hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu anayekudai hana hata uzi mmoja wa gitaa lile.

Fungua YouTube Studio, yaani ukurasa wa kusimamia chaneli yako, nenda kwenye orodha ya video zako, ubonyeze maelezo ya dai. Soma jina la wimbo, jina la mwenye dai, na hasa dakika zinazodaiwa, kisha vaa visikilizaji usikilize dakika hizo tu. Mara nyingi utagundua kwamba kinachodaiwa si muziki ulioweka wewe, bali wimbo uliokuwa ukipigwa na spika ya ukumbini huku shangazi wakicheza na kina mama wakipiga vigelegele. Hapo dai ni la haki, nawe usilipinge. Tumia zana za Studio kuuzima wimbo huo, kuubadilisha au kukata kipande chake, na kiungo cha video kitabaki kilekile.

Ikiwa kinachodaiwa ni muziki wako wa leseni, isome leseni yenyewe kabla ya kujibu. Leseni za Creative Commons, yaani leseni za wazi ambazo watunzi huzitumia kuruhusu kazi zao zitumiwe bure kwa masharti, zikiwa na alama ya BY zinakutaka umtaje mtunzi, kwa hiyo kama hukumtaja, mtaje kwanza kwenye maelezo ya video. Zenye alama ya ND zinakataza kusambaza kazi iliyogeuzwa, na maandishi ya leseni hizo yanahesabu kuoanisha muziki na picha zinazotembea kuwa ni kuugeuza, hata kama hukugusa noti moja. Leseni ya namna hiyo haitakutetea.

Leseni ikiwa sawa, mwandikie mtunzi au tovuti uliyopakulia, kwa kuwa wengi huliondoa dai wakishapata kiungo cha video. Wasipojibu, pinga dai kwa kuchagua sababu ya leseni, ukiandika kwa adabu na kwa ukamilifu: “Muziki huu unaitwa hivi, umetungwa na fulani, niliupakua tarehe fulani kutoka ukurasa huu, na leseni yake inaruhusu matumizi katika video.” Mwenye dai ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza dai linaanguka. Akishikilia, unaweza kukata rufaa, ambayo ana siku 7 za kuijibu, ila hapo anaweza kuomba video iondolewe nawe ukapata onyo. Usikate rufaa bila ushahidi mkononi. Kama video inakuingizia pesa, pinga ndani ya siku 5 za mwanzo ili mapato yazuiliwe tangu siku ya kwanza ya dai hadi mgogoro uishe.

Ushahidi hukusanywa siku ya kupakua, kwa sababu kurasa hubadilika na nyingine hufutwa. Mimi sasa hupiga picha ya skrini ya ukurasa wa leseni, tarehe ikionekana, nikaihifadhi kwenye folda moja na faili la muziki, kiungo chake, na cheti cha leseni pale tovuti inapokitoa. Kisha huipakia video ikiwa ya faragha, nasubiri ukaguzi wa hakimiliki umalizike, ndipo nawatumia kiungo ndugu.