Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuamua Kina cha Kichwa cha Risasi kwa Bunduki Kuukuu ya Kuwindia

Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na kwa hiyo bunduki ya kuwindia iliyosalia Nairobi mikononi mwa mwenye kibali haina kazi nyingine ila kulenga karatasi katika uwanja wa shabaha. Jambo hilo linafaa kutangulia mengine yote, kwa sababu anayejishindilia risasi zake hapa, yaani anayezitengeneza mwenyewe, hana mnyama wa kuangusha wala haja ya kutafuta mwendo mkali. Anachotafuta ni risasi salama zinazotua karibu karibu, na kina ambacho kichwa cha risasi kinazama ndani ya ganda kinachangia pakubwa katika yote mawili.

Kabla ya kununua hata fataki moja, yaani kile kijikofia kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, ulizia idhini. Silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mtu asidhani kwamba kibali cha kumiliki bunduki kinamruhusu pia kuweka baruti nyumbani na kutengeneza risasi. Pata jibu la maandishi kutoka bodi ya leseni. Baada ya hapo, fundi wa silaha aliyesajiliwa aikague bunduki: nyufa, kufunga kwa bolti (komeo la nyuma ya chemba, pale risasi inapokaa), nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda, na upana halisi wa mtutu. Akisema bunduki haifai kufyatuliwa, kazi yote inaishia hapo.

Sasa tuje kwenye koo la mtutu, yaani ile sehemu fupi iliyo mbele ya chemba kabla matuta ya mtutu, ile mistari iliyoinuka ndani yake inayokizungusha kichwa cha risasi, hayajaanza kukikamata. Nachukua mfano wa 7x57 Mauser, aina ya risasi ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby na ambayo W. D. M. Bell aliitumia kuwinda ndovu Afrika Mashariki. Risasi zake za kwanza zilikuwa na kichwa kirefu chenye ncha ya mviringo, uzito wa takriban gramu 11.2, na mitutu mingi ya zamani ilichongwa koo refu ili kukipokea kichwa hicho. Ukitia leo kichwa cha gramu 9, ambacho ni kifupi zaidi, kitaruka nafasi kubwa kabla ya kugusa matuta, na pengine hakitayakaribia hata kikishikiliwa na ganda kwa kitako chake tu. Ongeza miaka ya baruti za zamani zilizowaka kwa joto kali na fataki zilizoacha chumvi ya kutia kutu, na utaona kwa nini kipimo kilichochapishwa kitabuni, ambacho kilipatikana kwa mtutu mwingine kabisa, hakiwezi kukueleza koo la bunduki yako likoje. Lazima ulipime mwenyewe.

Kulipima hakuhitaji mitambo. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, funga bolti, kisha ingiza ufito wa kusafishia wenye ncha bapa kupitia mdomo wa mtutu hadi uguse uso wa bolti, na utie alama kwenye ufito pale mdomoni. Toa bolti, tia kichwa kitupu cha risasi ndani ya chemba, ukisukume taratibu kwa penseli hadi kikwame kwenye matuta, ukishikilie hapo, kisha urudishe ufito hadi uguse ncha yake na utie alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio urefu wa risasi nzima inayogusa matuta kwa kichwa cha aina hiyo, na hicho tu. Rudia mara 5, kwa kuwa mkono ukikisukuma kwa nguvu kidogo tu kipimo hubadilika.

Kutoka hapo, wengi huanza kwa kuacha nafasi ya nusu milimita hadi milimita 1 kabla ya matuta. Kwa bunduki kuukuu mimi sishauri kugusa matuta kabisa, kwa maana kichwa kilichokwisha kukamatwa kabla hakijaanza kwenda hupandisha mgandamizo wa gesi ndani ya chemba. Kukizamisha mno nako kunapunguza nafasi ya baruti, na mgandamizo unaweza kupanda kwa sababu hiyo. Mara nyingi, hata hivyo, si koo litakaloamua. Risasi lazima iingie magazini, ambapo kwa 7x57 urefu wa juu kabisa ni takriban milimita 78, na shingo ya ganda ishike kichwa kwa urefu usiopungua kipenyo chake, yaani milimita 7 hivi. Masharti haya yakikulazimisha kuliacha pengo kubwa, liache. Bunduki nyingi za zamani hupiga vizuri hivyo hivyo.

Vitabu vingi hutumia inchi na greni. Inchi 1 ni milimita 25.4, na greni 1 ni gramu 0.0648, andika vipimo vyote kwa mfumo mmoja kabla ya kugusa mizani. Kila unapobadilisha kina au aina ya kichwa, rudi kwenye kiasi cha baruti cha kuanzia kilichochapishwa kwa kichwa hicho, na usimame mara bolti ikiwa nzito kufunguka au fataki ikibapatika.

Mwisho, tengeneza risasi moja bubu, isiyo na baruti wala fataki, kwa kina ulichokichagua. Ipitishe magazini na chemba mara kadhaa, kisha uipime tena kuona kama kichwa kimesogea. Ikifaulu, toboa ganda lake kwa keekee ili pasiwe na mtu wa kuidhania hai, na uihifadhi pamoja na karatasi yenye tarehe, aina ya kichwa na urefu wake.