Kutenganisha taka za nyumbani hapa Mwanza: somo kwa wanaoniuliza kila wiki

Swali la namna ya kutenganisha taka za nyumbani, na la mahali zinakokwenda baada ya kuchukuliwa, nimelijibu mara nyingi mno, na sasa nimeona afadhali niliandike jibu lake mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Ninaishi Mabatini, jirani na mto Mirongo. Kila inaponyesha mvua kubwa ninaziona chupa zilizotupwa huko juu kwenye miamba zikishuka na maji kuelekea ziwani, ziwa lilelile tunalolivua na kulinywa.

Hatua ya kwanza: tafuta ndoo yenye mfuniko kwa mabaki ya chakula, salfeti kwa vitu vikavu vinavyouzika, na kiroba kwa taka za kwenda dampo.

Hatua ya pili: maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya ugali yaingie kwenye ndoo.

Hatua ya tatu: chupa za maji na soda zimwage, zisuuze, fungua vizibo na uviweke kando, kisha zikanyage zibonyee.

Hatua ya nne ndiyo niliyoiharibu mimi mwenyewe, kwa hiyo naomba uisome taratibu. Chupa ya mafuta ya kupikia, hata ikionekana tupu, haichanganywi na chupa za maji. Miaka michache iliyopita nilijaza salfeti nzima ya chupa za maji, na juu yake nikarushia chupa mbili za mafuta ya alizeti zilizobakiwa na kiasi kidogo tu chini. Salfeti ikakaa juani nje ya jiko kwa siku nne. Mama mmoja anayepita mtaani kwetu na toroli aliichukua kwa shukrani, akaisukuma mpaka yadi ya wanunuzi, na pale mpimaji akaifungua, akatia mkono hadi kiwiko, akautoa ukiwa unang'aa mafuta, kisha akaishusha salfeti kwenye mizani bila kuandika kitu. Alikuwa ameusukuma mzigo ule tangu asubuhi. Alirudi kunieleza bila hasira, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Sababu ya mpimaji kukataa ni hii: kiwandani chupa husagwa zikawa vipande vidogo, navyo huoshwa na kuyeyushwa kwenye joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi. Mafuta hushikanisha vipande na kubeba vumbi, na yanapofika kwenye joto hilo huungua na kuiharibu rangi ya plastiki iliyokuwa safi. Onyo la kwanza: maji baridi peke yake hayatoi mafuta, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha chupa hizo ziweke kwenye mfuko wake na umwambie anayechukua kwamba zilikuwa za mafuta. Onyo la pili: dumu lililobeba oili chafu au dawa ya kuulia wadudu haliingii kwenye salfeti hata ukiliosha mara kumi, wala lisitumike kuhifadhia maji ya kunywa.

Hatua ya tano: makopo yapime kwa sumaku. Yanayonasa ni chuma, yasiyonasa ni alumini, na bei zake ni mbali kabisa. Maboksi yakunje na yasilowe.

Hatua ya sita: nyembe na vioo vilivyovunjika vifungie ndani ya kopo gumu kabla ya kuvitia kwenye kiroba, kwa maana kuna mkono wa mtu utakaokifungua baada yako.

Baada ya hapo, kiroba huishia dampo la Buhongwa. Salfeti hupita mikono mingi zaidi: mwokotaji huipeleka yadi, yadi hupanga kwa aina na kwa rangi na kuyabana marobota, na lori huyapeleka kiwandani. Vipande vya chupa za maji hukaushwa kabisa kabla ya kuyeyushwa, kwa sababu unyevu huidhoofisha plastiki hiyo inapopata joto, na nyingi yake hugeuzwa nyuzi za kushonea nguo au kujazia mito. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mafundi wetu huimimina ikawa sufuria. Chuma hurudi kuwa nondo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Igoma:* Mkuu, kilo ya chupa ni shilingi ngapi?

*Jibu:* Bei sikuiandika kwa makusudi, kwa kuwa hubadilika kila mara na kila yadi ina yake. Nenda yadi iliyo karibu nawe ukaulize.

*Kutoka Nyegezi:* Shikamoo mwalimu. Umesema vizibo viwekwe kando, lakini chupa na kizibo si vyote ni plastiki?

*Jibu:* Marahaba mwanangu, umeuliza jambo la maana. Ni plastiki mbili tofauti. Kata kipande cha chupa na kipande cha kizibo, vitie kwenye beseni la maji na uvizamishe kwa kidole. Cha chupa, ambacho ni namba 1 katika ile pembetatu iliyochapwa chini ya chupa kuonyesha aina ya plastiki, kitabaki chini. Cha kizibo, ambacho kwa kawaida ni namba 2 au namba 5, kitapanda juu. Kiwandani hutumia njia hiyohiyo kuvitenganisha, ila kwa mapipa makubwa. Plastiki ya kizibo huyeyuka kwenye joto dogo zaidi, na ikiingia kwa wingi kwenye ile ya chupa huitia ukungu na kuidhoofisha.

*Kutoka Kirumba:* Mimi nachoma zote nyuma ya nyumba na sijaona tatizo.

*Jibu:* Moshi huo wanauvuta wanao na watoto wa jirani. Acha kuchoma.

*Kutoka Kirumba:* Nimeuliza tu, mbona ukali?

*Jibu:* Hukuuliza, kaka, ulieleza. Ukiwa na swali nitalijibu vizuri.

*Kutoka Buswelu:* Mifuko mbadala iliyokuja baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, je, niihesabu kama nguo?

*Jibu:* Hapana, dada yangu, na wengi wanakosea hapo. Inaonekana kama kitambaa, lakini nyuzi zake ni plastiki ya namba 5, hivyo haiozi ardhini kama pamba. Itumie mpaka ichanike.

*Kutoka Igogo:* Utumbo wa sato uingie kwenye ndoo ya maganda?

*Jibu:* Kama una shimo la mboji, ndiyo, lakini ufukie kwa kina cha mkono mzima na uweke majani makavu juu yake, la sivyo mbwa na nzi watakuja kabla ya jioni. Kama huna shimo, usiutupe mtaroni.

*Kutoka Igogo:* Asante sana. Mimi chupa kubwa za maji nazikata katikati napandia miche ya mipapai.

*Jibu:* Ni matumizi mazuri. Toboa matundu matatu chini ili maji yasituame, na ukishahamisha mche, osha udongo wote kabla ya kuirudisha chupa kwenye salfeti, kwa sababu udongo nao huongeza uzito na mpimaji atadhani unamwibia.