Kifaranga wa Bata Anayehema: La Kufanya Kwanza

Kifaranga aliyeokotwa mtaroni baada ya mvua ya masika huja amelowa, baridi imemwingia. Mkaushe kwa kitambaa, muweke ndani ya boksi lenye joto la nyuzi 32 upande mmoja; upande wa pili upoe, ajichagulie. Taa inatosha. Jiko la mkaa chumbani usithubutu, hewa yake inaua.

Sasa mtazame dakika mbili bila kumshika. Mdomo wazi, mabawa kayatanua, kaikimbia taa: hilo ni joto tu, inyanyue taa. Lakini akinyoosha shingo, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, au ukisikia mlio wa kukwaruza, kifua kina tatizo.

Angalia matundu ya pua. Huzibwa na pumba zilizokauka. Yafute kwa pamba yenye maji vuguvugu. Bata husafisha pua kwa kuizamisha, basi kisahani kiwe na maji ya kufunika pua, na kokoto ndani asizame. Usimmiminie maji mdomoni kamwe: huingia njia ya hewa.

Matandiko ndiyo adui mkubwa. Makumbi au maranda yaliyoota ukungu hutoa vumbi linaloota mapafuni, na antibiotiki haiui ukungu. Tandika kitambaa kikavu, ubadilishe kila siku. Chakula kilichovunda kitupe.

Mtenge na kuku wako. Pumzi isipotulia siku hiyo hiyo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Vifaranga au kuku kadhaa wakifa kwa pamoja, usiwashike mikono mitupu, mwambie sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lako.