Kabla hujatuma ripoti ya Kiingereza, kagua maswali yaliyojificha ndani yake

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, vijana wengi wa Mtwara mjini hupata vibarua vya ukarani kwenye maghala. Mnunuzi yuko Vietnam au India, mkaguzi wake anataka ripoti kwa Kiingereza, na wewe mwenyewe ndiye uliyesema kwenye usaili kwamba unakijua. Haya, kaa hapa kwanza.

Anza kwa kujua kama swali lako limesimama peke yake au limo ndani ya sentensi nyingine. "Where is the warehouse?" limesimama peke yake. Ukilitanguliza na maneno ya adabu kama "Could you tell me", "Do you know" au "I would like to know", limeshaingia ndani, na likiingia ndani hunyooka kama maelezo ya kawaida: "Could you tell me where the warehouse is?" Ile "is" inahamia nyuma ya kitu kinachoulizwa. Usiandike "Could you tell me where is the warehouse". Utaeleweka, lakini anayekusoma atajua mara moja kwamba umekariri.

Na kweli tumekariri. Watu hukilaumu Kiswahili bure kwa kosa hili. Sisi tunasema "Ghala liko wapi?" na tunasema "Naomba kujua ghala liko wapi", maneno hayajasogea hata moja. Aliyetuharibu ni wimbo wa darasani, "where is, what is, who is", tulioimba mpaka maneno mawili yakagandana kama neno moja. Yatenganishe.

Halafu toa "do", "does" na "did". Hizo kazi yake ni kwenye swali la nje, yaani lile lililosimama peke yake. "When does the ship leave?" likiingia ndani linakuwa "Please tell me when the ship leaves." Angalia ile "s": "does" imeondoka ikaiachia "leave" mzigo wake. Vivyo hivyo "did" ikiondoka, kitenzi chenyewe ndicho kinachobeba wakati uliopita: "when did it arrive" inakuwa "when it arrived".

Swali la ndiyo au hapana linaingia ndani kwa "if" au "whether", kama sisi tunavyotumia "kama".

Usimalizie sentensi na neno lililofupishwa. Huwezi kuandika "I know where it's" ukaishia hapo; andika "where it is".

Sasa hili la "who", nakuomba ulisome polepole, kwa sababu lilimgharimu mtu siku nane.

Nilikuwa karani mwaka wangu wa kwanza. Jioni moja foleni ya malori ilikuwa imefika mpaka barabarani, pakazuka ugomvi wa nani apimiwe mzigo kwanza. Katika purukushani dereva mmoja akapigwa na kitu kizito juu ya jicho, akashonwa nyuzi tatu. Aliyempiga akapotelea gizani. Nikaambiwa ripoti itumwe usiku uleule. Nikaandika, kwa kujiamini kabisa: "Nobody knows who did the driver hit."

Nilitaka kusema hakuna anayejua nani alimpiga dereva. Ile "did" niliiweka kwa sababu jambo lilikuwa limepita, na kusema kweli niliona inapendeza. Kule iliposomwa wakaelewa kwamba dereva kampiga mtu, na mtu huyo hajulikani. Asubuhi dereva akaambiwa akae nyumbani bila malipo mpaka aliyepigwa apatikane. Aliyepigwa ni yeye, na bandeji alikuwa nayo usoni!

Siku ya nane akaja kwangu Chikongola. Ninamwita mjomba, maana ametoka kijiji kimoja na mama yangu. Hakugomba. Alikaa kwenye mkeka, akaniuliza: "Mpwa, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie, nimempiga nani?"

Tukaifungua ile ripoti, ndipo nikaona. Kwa Kiswahili, "aliyempiga dereva" linaweza kuwa ni mtu aliyempiga dereva, au ni mtu ambaye dereva alimpiga. Msikilizaji anajua kutokana na kisa. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo. Mpangilio wa maneno ndio unaomtaja mtenda. "Who" ikifuatwa moja kwa moja na kitenzi, yeye "who" ndiye aliyetenda: "who hit the driver". Ikifuatwa na mtu kisha kitenzi, mtu huyo ndiye aliyetenda: "who the driver hit". Mimi nilitumia "did", ambayo hata kwenye swali la nje ingemfanya dereva kuwa ndiye mpigaji. Kwa hiyo nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili yalimwelekea yeye.

Niliandika upya, akarudi kazini. Zile siku nane hakulipwa. Nilimpelekea kilo tano za mchele, akazipokea bila kusema neno.

Kwa hiyo ukiona "who" kwenye sentensi yako, simama, jiulize nani katenda, kisha hesabu nini kimeifuata.

Mengine ni madogo. Alama ya kuuliza hufuata sentensi ya nje: "Do you know where he is?" inayo, "I do not know where he is." haina. Ukinukuu maneno ya mtu ndani ya alama za kunukuu, yaache yalivyotoka kinywani mwake, usiyanyooshe. Mpe mwenzako asome kabla hujatuma, hasa kama umeandikia kwenye simu, maana simu hubadilisha maneno bila kukuuliza. Hakikisha umeandika kilo pale palipo na kilo na tani pale palipo na tani. Na tarehe, andika jina la mwezi kwa herufi. Ukiandika 3/11, Mmarekani atasoma tarehe 11 Machi, na mwezi wa tatu utakuwa unapima korosho gani?